Ukungu wa Kijani na Mkono wa Mama Yako

Emiliana,

Nani alikutuma uoshe makopo yangu? Nimerudi kutoka kanisani nikayakuta matano yote yamepangwa juani, umeyasugua kwa majivu na mchanga mpaka yanang'aa, na wewe umesimama pembeni unangoja nikusifu. "Bibi, nimekusafishia, yalikuwa yananuka." Yalikuwa yananuka! Nani alilalamika? Udongo umemwaga, mahindi umetupa chooni. Afadhali chooni. Ungewatupia kuku ningekuchapa, na ukubwa wako huo.

Mtu anayekwenda kusomea maabara anamwaga vitu vya watu bila kuuliza ni vya nini. Huko chuoni ukifanya hivyo watakurudisha, na mimi sitakupokea.

Sasa umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na mimi nimekaa barazani na daftari lako la kidato cha nne, zile kurasa ulizobakiza. Mwandiko wangu unaujua. Nilisoma elimu ya watu wazima mpaka mwalimu akahamishwa, na yeye akaondoka na herufi zilizobaki. Usicheke.

Habari za nauli, sabuni na marafiki wabaya shangazi yako anakwambia hivi sasa, na atazirudia mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu. Kwenye yale makopo kulikuwa na kitu kidogo nilichokuwa nakichunguza, ukungu fulani wa kijani. Ukungu huo uliwaua bata wangu wewe ukiwa na miaka minne, na mimi nikasema aliyewaua ni mama yako. Umekua ukijua kwamba Theodora alikuacha akarudi kwao Gitting kwa sababu alichoka na maisha ya hapa Dirma. Si kweli. Hakukuacha. Mimi ndiye niliyemfukuza, na mimi ndiye niliyekushika mkono usimfuate.

Soma tena hapo kama hujaelewa. Nitakungoja.

Haya. Nianze na mahindi.

Zamani chama cha ushirika ndicho kilichonunua mahindi yetu. Karani wao alikuwa mkali, anaingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, anatoa punje, anaing'ata. Ikikosa kulia kwenye meno anakwambia rudi nyumbani ukaanike. Tulimchukia sana yule mtu. Kisha mambo yakabadilika, ushirika ukafifia, wakaanza kuja wafanyabiashara wenye malori, kila mmoja na bei yake. Hao hawakung'ata punje. Walikuwa na haraka, wanataka kuwahi kabla mwenzao hajafika, na wewe unataka kuwahi kabla lori halijajaa. Basi tukaanza kuvuna mahindi bado yana maji. Mimi nilikuwa wa kwanza kijijini, na nilijisifu kwa hilo. Kumbe karani yule na meno yake alikuwa anatulinda, wala hakuna aliyejua, labda hata yeye mwenyewe.

Nyumbani kwetu tulikuwa na namna yetu ya kuyapokea mahindi mapya. Mama mkwe wangu alinifundisha hivi: mahindi yakitoka shambani yamwagwe kwanza uani, juu ya udongo mtupu, yalale hapo siku tatu, yajue yamefika nyumbani. Ndipo yaingie ghalani. Nilifanya hivyo miaka yote ya ndoa yangu. Uwanja nilikuwa naufagia mpaka unaweza kula ugali juu yake.

Mama yako alikuja kuolewa hapa akitoka Gitting, huko juu mlimani kwenye baridi. Kwao hawamwagi mahindi chini. Wanayapanga kwenye uchaga juu ya moto, moshi unayapitia. Msimu wa kwanza tu akatandika ngozi mbili za ng'ombe uani na magunia, akamwaga mahindi juu yake.

Nikamwuliza, "Hiki nini?"

Akasema, "Mama, nimeona ardhi ina unyevu."

"Ardhi ya kwangu ina unyevu? Ya kwenu ndiyo kavu, siyo? Kwenye ukungu wenu wa mlimani hamuoni hata ng'ombe wenu!"

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nikachukua ufagio, nikayafagia mahindi yote kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye udongo, mbele yake, na majirani wakiona. Akachukua ngozi zake akazikunja. Mama yako alikuwa na kunyamaza kubaya kuliko matusi. Wewe umekurithi huko kunyamaza, ndiyo maana nakugombeza kwa barua, usipate nafasi.

Alinyamaza hivyo misimu kadhaa, wewe ukazaliwa, ukaota meno. Kisha ukaja mwaka ambao jua lilichoma mahindi yakiwa yanabeba, na wakati wa kuvuna mvua ikatunyeshea ambayo hatukuiita. Mahindi yakalala uani siku tano badala ya tatu, tunayafunika, tunayafunua. Lori likachukua mazuri. Yaliyobaki tukaingiza ndani, na baada ya wiki mbili nikayakuta na vumbi. Si vumbi la nyumba. Ni la kijani lenye unjano ndani yake, kama rangi ya nyongo ya mbuzi, limejipanga kwenye mistari ya punje, hasa pale mdudu alipotoboa. Ukilipuliza linaruka, linakuwasha pua.

Hapa kwetu mahindi hayatupwi. Tunachambua mafungu matatu: safi ya ugali, ya katikati ya pombe, mabovu ya mifugo. Nikamwagiza mama yako: mabovu uwape bata, na ng'ombe apate debe moja jioni.

Bata akawapa. Ng'ombe, akakataa kumpa.

"Mama, huyu ng'ombe ndiye anayempa Emi maziwa."

"Kwa hiyo?"

"Anachokula ng'ombe si ndicho kinachotoka?"

"Kinachotoka ni mavi," nikamwambia, "na maziwa ni maziwa." Wanawake waliokuwepo wakaangua kicheko. Nilipenda sana kuchekesha watu wakati huo. Nikachukua debe, nikampa ng'ombe mwenyewe.

Bata walikuwa kumi na mmoja. Walianza na kuacha kula. Wakawa wanasimama wamelegeza mabawa, shingo zinapinda nyuma, miguu haiwabebi. Kwa siku nne walikwisha wote. Nikampasua mmoja nione. Ini lake lilikuwa limepauka, rangi ya majivu yenye manjano, na lilikuwa laini, kidole kinaingia. Nimechinja bata tangu usichana wangu na sijawahi kuona ini kama lile.

Sasa angalia ujinga wa mtu mwenye kiburi. Nililiona ini, nililiona vumbi, vyote kwa macho haya. Akili ikaviruka vyote viwili ikaenda moja kwa moja kwa mtu. Nani anawalisha bata? Theodora. Nani alikuwa amenuna? Theodora. Jumapili baada ya ibada nikasema mbele ya wanawake, "Tangu mkono wa huyu uanze kulisha bata zangu, bata wanakufa. Mkono wake haufai." Nilisema hivyo tu. Sikusema mchawi. Nilikuwa Mkristo mzuri, unaona, nikawaachia wengine waseme hilo neno.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na msiba kwa jirani. Mama yako akaenda kusaidia kupika kama wake wote wa nyumba zetu. Akashika upawa apakue maharage. Mwanamke mmoja akamshika kiganja, akautoa ule upawa mkononi mwake taratibu, akampa mwingine. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo. Ningesimama nikasema, "Mpeni mwanangu upawa wake," ingekwisha siku ile. Nilitazama sufuria.

Asubuhi yake alifunga nguo; neno langu lilikuwa limemfukuza. Baba yako alikuwa Mererani kwenye machimbo, na alipoletewa habari akachukua neno langu kama lilivyo, kisha akapata mke mwingine hukohuko, na huyo unamjua. Mama yako alisimama pale mlangoni akasema, "Mama, nipe mtoto." Nikasema, "Mtoto ni wa ukoo huu." Nikakushika. Ulikuwa unalia, ulinipiga mateke. Una nguvu miguuni tangu zamani.

Sasa ndiyo inakuja habari ya makopo.

Mwaka uliofuata nikanunua bata wengine sita. Mama yako hayupo, yuko Gitting. Anayewalisha ni mimi, kwa mkono huu unaoandika. Mahindi yalikuwa yale ya mwaka uliopita, chini ya ghala. Siku ya tatu bata mmoja akalegeza mabawa. Siku ya sita nikawa na bata mmoja tu. Nikawazika shambani kwenye maharage mwenyewe, nikasawazisha udongo, nikasema wameibwa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna kitu kilinishika kikakataa kuniachia, na nitakwambia ukweli, mwanzo haikuwa toba. Ilikuwa kutaka kujua. Nilijiuliza, kama si mkono wa Theodora wala si mkono wangu, ni mkono wa nani?

Nikaanza na mahali. Nikachukua mahindi manne mazima ya shamba moja, bado kwenye magunzi yake. Moja nikaliweka uani kwenye udongo, moja kwenye ngozi, moja juu ya moto kama wanavyofanya kwa kina mama yako, moja nikalining'iniza kwa kamba hewani. Kila asubuhi nayaangalia kabla ya chai. La udongoni ndilo lililotangulia kuota vumbi, na lilianzia upande ule ule uliogusa ardhi. La mlimani, nasema hivyo kwa sababu nilikuwa naliita la mlimani, likakaa jeusi kwa moshi na zima kabisa.

Nikasema aha. Basi anatoka chini.

Ndipo nikachukua makopo matupu ya mafuta ya Kimbo. Nikachemsha mahindi, nikayapoza, nikayagawa. Kopo la kwanza nikatia kijiko cha udongo wa uani. La pili udongo wa ghalani. La tatu udongo uleule wa uani, lakini huu niliukaanga kwanza kwenye kigae mpaka ukabadilika rangi. Nikafunika. Siku ya nne nikafunua. Kwenye mawili ya kwanza kulikuwa na harusi! Wapo weupe kama pamba, wapo weusi wenye vichwa kama vya sindano, na katikati yao yupo yule wangu wa kijani, amekaa kama mwenye nyumba. Kopo la udongo uliokaangwa lilikuwa kimya. Siku sita kimya. Nilikaa chini pale jikoni nikacheka peke yangu. Miaka yote nafagia ule uwanja, najivunia usafi wake, na ndani yake kuna watu wamejaa wananingoja nimwage chakula.

Lakini jaribio la mwisho ndilo lililoniharibia usingizi. Nilisema, kama moto unamwua, basi nitayachemsha mahindi yale ya kijani na atakufa na mambo yatakwisha. Nikayachemsha tangu asubuhi mpaka kuni zikanikera. Vumbi likaisha, maji nikamwaga, mahindi yakawa meupe, ungeyala wewe. Nikampa yule bata aliyebaki. Akafa, Emiliana. Pole pole kuliko wenzake, lakini akafa, na ini lake lilikuwa lilelile.

Sikuelewa. Ukungu nimeuua, nimeuona ukifa. Sasa nani alimwua bata?

Nilikaa na swali hilo kwa miaka, namwogopa kila mtu wa kumwuliza, kwa sababu swali hilo lilikuwa na mama yako ndani yake. Mpaka Arusha ikagawanywa, tukapewa mkoa wetu wa Manyara, na maofisa wapya wakaanza kuletwa. Ndipo akaja yule bwana shamba wa Kigoma, Rajabu, unamkumbuka, mwenye pikipiki inayozimika. Alikuja kutuhimiza tulime mbaazi. Nikamvuta nyuma ya nyumba nikamwonyesha makopo.

"Shikamoo bibi, na haya nayo?"

"Marahaba. Usiniulize mimi, ndiyo nakuuliza wewe."

Akachuchumaa. Akaangalia sana, hakugusa. Kisha akaniambia, "Bibi, huyu kwao ni udongoni. Ndiko anakoishi, anakula majani makavu, mabua, wadudu waliokufa. Anafanya kazi huko. Tatizo ni anapopanda juu ya chakula chako."

"Sasa mbona hakubisha hodi?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza lile la bata. Ukungu huo, akasema, anapokula mahindi anatengeneza kitu, sumu, anaiacha ndani ya punje. Wewe ukichemsha unamwua yeye. Kile alichotengeneza hakifi, kwa sababu hakikuwa hai. Moto wa jikoni haukiwezi, wala pombe haikimalizi. Hakina harufu, hakina ladha. Kinachoumia ni ini, na bata ndio wanaotangulia.

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Ng'ombe mkubwa anavumilia. Ila nyingine inapita kwenye maziwa."

Nikamwambia anywe chai aende.

Ulikuwa na miaka minne, ukinywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Mwaka ule ulikonda, ulikuwa na macho makubwa, zahanati wakasema minyoo. Labda ilikuwa minyoo. Labda ilikuwa kulia kwa ajili ya mama yako. Labda lilikuwa lile debe. Sijui, na Rajabu hajui, na wewe hata ukisoma mpaka uote mvi hutaweza kurudi ukaangalia maziwa ya siku ile. Umekua, una mashavu, unaniharibia makopo. Lakini mwanamke ambaye hakuwahi kuona ukungu huu kwao mlimani aliangalia debe akauliza swali lililokuwa sahihi, na mimi nikalijibu kwa mzaha wa mavi.

Kuna mengine bado yananisumbua, na haya nakupa wewe uende nayo. Yule Rajabu aliniambia kwamba ukungu huyu ana ndugu zake humo humo udongoni, na kwa mmoja wao ndiko watu walikotoa ile dawa ya sindano wanayopigwa wenye kichomi. Ukoo mmoja! Mmoja anatengeneza dawa, mwenzake anatengeneza sumu, na wote wanaonekana kama vumbi. Tena nilimwuliza, anaitengeneza ya nini? Huyu hawajui bata. Hajawahi kuwaona. Ana ugomvi gani nao? Akasema huenda ni kwa ajili ya wadudu wanaotaka kumla huko chini, au wenzake wanaomnyang'anya chakula, na kwamba wasomi wenyewe bado wanabishana. Hilo lilinifurahisha, kwamba bado wanabishana. Yale makopo matano uliyoosha yalikuwa kwa ajili ya hilo. Nilikuwa nataka kuona kama udongo wa kwenye kichuguu unamzaa kwa wingi kuliko udongo usio na mchwa. Ilikuwa siku ya tatu. Kesho ningejua. Sasa sijui, kwa ajili ya usafi wako.

Rajabu hakunihukumu, kwa sababu sikumwambia. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Shangazi yako hajui. Padre anajua nusu, ile nusu ya bata.

Na bado kuna baya zaidi. Baada ya kujua haya yote, mama yako alikuja. Ulikuwa darasa la sita. Alisimama nje ya boma, hakuingia, ana mfuko wa viazi vya Gitting na sweta ya kufuma. Alinisalimia shikamoo. Akauliza, "Emi yupo?" Ulikuwa nyuma ya nyumba unafua. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nilikuwa nimeyakariri. Ukungu, udongo, moto, maziwa, nisamehe. Nikafungua mdomo nikasema, "Hayupo, yuko shule." Ilikuwa Jumamosi. Alijua ni Jumamosi. Akaniangalia, akaweka mfuko chini, akaondoka. Ile sweta ya kijivu uliyoivaa mpaka ikakubana, niliyokwambia nimenunua mnadani, ndiyo hiyo.

Nilishindwa kwa nini? Nimejichunguza kama nilivyochunguza makopo. Niliogopa nikimwomba radhi atakuchukua. Nikaona bora nibaki na uongo wangu na wewe, kuliko ukweli wangu na nyumba tupu. Sasa unaondoka hata hivyo.

Utanikasirikia. Kasirika, ni haki yako, ila usikasirike kwa kunyamaza. Niandikie matusi yote, nimefundishwa kusoma.

Sasa sikiliza. Kesho ukifika Katesh usipande basi la Babati. Nimezungumza na mwenye gari la viazi, atakupeleka Gitting, na chuo kitakuvumilia siku moja. Uliza nyumbani kwa Theodora binti wa fundi seremala, karibu na kanisa, kila mtu anamjua. Msomee barua hii yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, usiruke pa upawa wala pa ile Jumamosi. Ukimaliza usinitetee. Mwachie aseme anachotaka, hata kama itachukua usiku kucha, na akikwambia niende nikayaseme haya mbele ya wale wanawake kanisani, nitumie neno kwa huyo dereva, nitakwenda Jumapili ijayo nisimame. Hatakutambua mara moja, umekuwa mrefu. Ukifika mlangoni kwake tua mzigo, mpe shikamoo kwa sauti asikie vizuri, ndipo useme wewe ni nani.

Bibi yako